Raki 40 Namanve: kabla ya kujenga, zitazameni kilowati 7 mlizo nazo

Swali, kwa kifupi: msomaji wetu anafanya kazi na kampuni ya Ntinda, Kampala, inayoendesha mifumo ya SACCO na ya hospitali. Seva zao ziko kwenye raki 3 katika chumba cha ofisi, ghorofa ya tatu, na kioo cha UPS, mtambo wa betri unaoshika mzigo umeme ukikatika, kinaonyesha mzigo wa kilowati 7. Bodi inataka kununua kiwanja upande wa Namanve na kujenga kituo cha data cha raki 40, sehemu watumie wenyewe na sehemu wapangishe. Anauliza miradi ya namna hii hukwama wapi, teknolojia inaelekea wapi, na waanze na nini.

Ndugu msomaji,

Namba yenye uzito katika barua yako ni hizo kilowati 7. Raki ni kabati la chuma tu. Kituo cha data hukadiriwa, hupozwa na hulipiwa kwa kilowati. Kwa hiyo tuugeuze kwanza mpango wa bodi uwe umeme.

Raki 40 zenye seva za kawaida, kilowati 4 kila moja, ni kilowati 160. UPS hupoteza kama asilimia 6 kwa joto, kwa hiyo ongeza 10. Upoozaji uliosanifiwa vizuri, 55. Taa, kamera, pampu na kibanda cha walinzi, 8. Umeme ukirudi baada ya kukatika, betri zinajichaji huku kila kitu kingine kikiendelea, weka 16. Jumla inakaribia kilowati 250, ambazo kwa pawafakta ya 0.9 (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli) ni kVA 278 hivi, kipimo kinachotumika kwa transfoma na jenereta. Transfoma ya kVA 315 ingebeba, ila ingekaa karibu asilimia 90 usiku na mchana na isiache nafasi ya chochote; chukueni 500. Jenereta ziwe mbili, kila moja iweze kubeba mzigo wote peke yake, yaani kVA 400 kwa kipimo cha kazi ya mfululizo. Hapo mchungeni muuzaji. Jenereta hiyohiyo ina namba mbili kwenye karatasi yake, ya dharura na ya mfululizo, na ya dharura ndiyo kubwa. Atakayokutajia kwenye simu ni hiyo kubwa.

Sasa wekeni mzigo wenu wa leo ndani ya mtambo huo. Kilowati 7 pamoja na upoozaji wake labda zinafika 15. Jenereta yenye uwezo wa kilowati 320 ikibeba 15 inafanya kazi chini ya asilimia 5. Injini ya dizeli isiyopewa mzigo haipati joto la kutosha: mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye vali na turbo, na uji mweusi kama lami unaanza kuchuruzika kwenye bomba la moshi. Watengenezaji wengi hawataki mzigo ukae chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu. Kompresa kubwa za kupozea nazo zitawaka na kuzima kila dakika chache mpaka zichoke. Na UPS kubwa yenye mzigo mdogo hupoteza sehemu kubwa ya umeme inaoupokea. Hii ndiyo shida ya kwanza ya vituo vya data katika soko dogo, na haionekani kwenye michoro: jengo linasimamishwa kwa ajili ya wateja ambao hawajafika, kisha mitambo inaharibika kwa kukosa kazi huku benki ikidai riba yake.

Kwa hiyo, jibu fupi: mwaka huu msijenge. Pangeni raki 4 kwenye kituo kilichopo, kisichofungamana na kampuni moja ya mtandao. Raxio walifungua chao Namanve mwaka 2021. Hata mkipanga kwingine, kitumieni kama kipimo cha bei na huduma. Chumba cha Ntinda kibaki cha nakala za akiba. Siku mtakapokuwa na mikataba iliyosainiwa ya kilowati 50 hadi 60, jengeni, na hata hapo kwa vipande: ukumbi wa kilowati 80 kwanza, wa pili ubaki msingi na mabomba yaliyozibwa. Yanayofuata ni mambo ya kuyajua kabla ya siku hiyo. Mengine yanahusu hata raki 3 za leo.

Umeme upo, tatizo ni njia yake

Uganda haikosi mitambo ya kuzalisha. Karuma ya megawati 600 ilizinduliwa Septemba 2024, juu ya Isimba yenye 183, Bujagali yenye 250, na Kiira na Nalubaale za Jinja. Uwezo wa nchi umepita megawati 2,000 na mahitaji ya jioni, ambayo ndiyo ya juu kabisa, hayajafika huko. Mbona basi Ntinda giza? Kwa sababu umeme haukatikii mtoni. Unakatikia kwenye laini ya kilovolti 11 inayopita katikati ya miembe, kwenye transfoma ya mtaa iliyofungwa zamani mtaa ukiwa na nyumba ishirini, kwenye fyuzi iliyopigwa na radi. Tangu mkataba wa Umeme Limited ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, na huko ndiko mtakakopeleka barua.

Kabla ya kulipia kiwanja, ombeni kumbukumbu ya kukatika kwa laini inayopita pale kwa miezi 12 iliyopita, ombeni jina la kituo cha kupozea umeme (cha kushusha volti) kinachoilisha, na ulizeni kama laini ya kilovolti 33 inafikika. Laini ya 33 ina wateja wachache na matawi machache, kwa hiyo sehemu za kuharibika ni chache kuliko ya 11 iliyotapakaa mitaani. Faida ya maeneo ya viwanda iko hapo: Namanve, Luzira, Mukono na Iganga yamejengewa vituo vya kilovolti 132 kwa 33. Mkiahidiwa laini mbili, ulizeni kila moja inaanzia wapi na inapita wapi. Laini mbili zinazotoka kituo kimoja na kupita kwenye nguzo zilezile ni laini moja yenye bili mbili.

Kisha kodisheni kifaa cha kurekodi ubora wa umeme, kifungwe kwenye jengo la jirani kwa siku 14 mfululizo. Mnatafuta volti inayotoka nje ya 240 kwa zaidi ya asilimia 10, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Kila volti ikitoka nje ya mpaka uliowekwa kwenye UPS, UPS inahamia kwenye betri. Mtaa wenye volti ya kuyumba jioni unaweza kumaliza betri mpya ndani ya mwaka mmoja bila umeme kukatika hata mara moja, na mwenye betri akaenda kugombana na duka.

Bili nayo si yuniti peke yake. Mteja mkubwa hulipa pia ada ya mahitaji ya juu kwa kVA, na bei ya yuniti hupanda jioni na kushuka usiku wa manane. Seva hazilali, hivyo jioni hamuikwepi. Mnachoweza ni kurekebisha pawafakta na kuacha kuwasha vitu vizito vyote kwa pamoja, kwani kilele cha dakika chache hulipiwa mwezi mzima.

Jenereta, na dizeli inayokaa

Betri za dakika 10 zinatosha. Jenereta nzuri huwaka na kushika mzigo ndani ya sekunde 15 hivi. Dakika zinazobaki ni za jaribio la pili, la tatu, na la fundi kukimbia ngazi. Sababu za jenereta kukataa kuwaka ni ndogo mpaka zinaudhi: betri ya stata imekufa, au mtu aliyefanya sevisi aliacha swichi upande wa kuzima. Ndiyo maana jaribio la kila mwezi lifanywe na mzigo halisi kwa dakika 30 hadi 60. Kuwasha, kusikiliza mlio na kuzima hakujathibitisha kitu, na injini yenyewe haijapata moto.

Tukichukua ukumbi wa kwanza wa kilowati 80, mzigo wote ni kama kilowati 125. Injini ya ukubwa huo hula lita 0.27 kwa kila kilowati-saa, yaani lita 34 kwa saa. Masharti ya Uptime Institute, wanaotoa hati za Tier, yaani ngazi za uimara wa kituo, yanataka mafuta ya saa 12 pale kituoni: lita 400 na kidogo. Kwa nchi isiyo na bahari hiyo ni akiba ya matumaini. Mafuta yetu mengi huja kwa lori kupitia Malaba na Busia, na Januari 2022 madereva walipogoma mpakani kwa ajili ya vipimo vya korona, vituo vya mafuta vilikauka mpaka Kampala. Wekeni saa 72, lita 2,500 hivi, na mkataba wa maandishi na muuzaji wa pili.

Ila tangi kubwa lina maradhi yake. Hewa yenye unyevu huingia tangi linapopoa usiku, maji hutulia chini, na bakteria na kuvu huota pale maji yanapokutana na dizeli. Ule ute mweusi hauzibi filta kwenye jaribio fupi. Huiziba saa ya tatu ya dharura, mafuta ya chini yanapovutwa. Fungueni bomba la chini la tangi na kutoa maji kila mwezi, na kila miezi 6 zungusheni dizeli yote kupitia filta ya kutenga maji. Kichwa cha filta kiwe pacha, ili moja ibadilishwe injini ikiendelea.

Betri: za risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 8 hadi 10 za joto juu ya 25. Chumba cha betri kilichosahauliwa nyuma ya ngazi, kikiwa na nyuzi 34, hugeuza betri ya miaka 8 kuwa ya miaka 4. Lithiamu huvumilia joto zaidi, huchukua nafasi ndogo na hudumu mara mbili, na ndiko soko linakohamia. Lakini ikishika moto haizimiki kirahisi. Septemba 2025 huko Daejeon, Korea Kusini, moto ulianza wakati betri za lithiamu zikihamishwa ndani ya kituo cha data cha serikali, na mamia ya mifumo ya umma ikazimika. Mkichagua lithiamu, betri zikae chumba chake, chenye kuta za kuzuia moto na mlango wa nje, kamwe si katikati ya seva.

Radi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vya Ulaya hupita haraka. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye ngurumo nyingi kuliko zote duniani. Fimbo ya radi juu ya paa ni mwanzo tu. Kinachoua seva mara nyingi ni mrusho wa volti unaoingia kwa mlango mwingine: laini ya umeme, waya wa kamera ya getini, waya wa antena, au chuma kinachokinga kebo ya faiba. Watu husema faiba ni kioo, haipitishi umeme. Kioo hakipitishi, ila kebo nyingi za kuzikwa zina ganda la chuma, na ganda hilo huileta radi mpaka ndani ya raki. Agizeni kebo isiyo na chuma kwa kipande cha mwisho, au ganda likatwe na kufungwa kwenye ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, pale linapoingia jengoni.

Ethi zote ziwe moja: ya radi, ya transfoma, ya jenereta, ya raki, zifungwe pamoja chini ya ardhi kwa mkanda wa shaba unaozunguka jengo. Fundi anayependekeza "ethi safi" ya seva, iliyotengwa na nyingine, mshukuruni na mtafute mwingine. Radi ikipiga, ethi mbili hupata volti tofauti na tofauti hiyo hupitia kwenye vifaa vyenu. Upinzani lengeni oumu 1, msikubali kuzidi 5. Udongo mwekundu wa murramu ukikauka ni mgumu kupitisha umeme, kwa hiyo pimeni Januari au Februari, wakati wa kiangazi. Kipimo cha Aprili, mvua ikinyesha, kitawapendeza bure. Kinga za mrusho wa volti ziwe za ngazi mbili, ubao mkuu na ubao wa ukumbi, zenye kidirisha kinachogeuka chekundu zikifa. Zinakufa kimya, na jengo linaendelea kuamini kuwa limekingwa.

Hewa ya Kampala inavyodanganya

Nyuzi 27 hadi 29 mchana, 17 au 18 usiku: kila mtu akiona namba hizo hufikiria kufungua madirisha na kupoza bure. Miongozo ya ASHRAE, jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa upoozaji, inataka hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na hapo tuko sawa. Shida ni unyevu. Miongozo hiyo hutaka kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kisizidi nyuzi 15. Hewa yetu kwa siku nyingi iko 17 na zaidi. Ukiiingiza moja kwa moja, pamoja na vumbi jekundu la barabarani, unatengeneza utando wa unyevu na uchafu juu ya bodi za seva, na shaba huanza kuliwa taratibu. Hivyo chukueni ubaridi wa nje bila kuchukua hewa yenyewe: maji yazunguke kwenye nyuzi 20 hivi, na usiku feni za paani ziyapoze kompresa zikiwa zimepumzika.

Jambo la pili ni mwinuko. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Mombasa. Kubeba kilowati 1 ya joto, hewa ikipanda nyuzi 12 kupita kwenye seva, kunahitaji mita za ujazo 250 kwa saa pwani, lakini hapa 285 hivi. Mashine iliyoandikwa kilowati 30 kwenye katalogi haitawapa 30. Mwulizeni muuzaji namba ya mita 1,200, kwa maandishi, na muulize hivyohivyo kuhusu jenereta.

Viyoyozi vya ofisini, vile vya ukutani, ndivyo mlivyo navyo sasa bila shaka. Vimeundwa kukausha hewa ya chumba chenye watu, si kuhamisha joto kavu saa 24. Vingi havijiwashi umeme ukirudi, na maji yake yakiziba bomba hudondokea kilicho chini. Hamisheni kilicho juu ya raki leo hii. Baada ya hapo kazi ya bei nafuu kuliko zote: geuzeni raki zitazamane mbele kwa mbele, zibeni kila nafasi tupu kwa vibao, zibeni matundu ya kebo, na wekeni pazia la plastiki juu ya ujia wa baridi. Joto likichanganyika na ubaridi, mnalipia ubaridi mara mbili. Na mkijenga karibu na ziwa, Luzira au Entebbe, jueni kuwa wale wadudu wa ziwani wakija kwa wingu hubandika makondensa ya nje asubuhi moja tu. Wekeni wavu unaotoka na kuoshwa.

Sakafu ya ghorofa ya tatu

Neno moja kuhusu mlipo sasa. Sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Raki iliyojaa ina kilo 800 na inakalia mita za mraba 0.72, sawa na kilo 1,100 kwa mita ya mraba. Kabati la betri za risasi ni zito zaidi. Raki 3 zilizo nusu tupu huenda zimesitirika. Kabla ya kuongeza ya nne, mwite mhandisi wa majengo aone boriti ziko wapi.

Mtandao

Kampuni mbili za faiba si njia mbili. Mara nyingi zimepanga mfereji mmoja, au moja imekodi nyuzi ndani ya kebo ya mwenzake, na tingatinga moja la barabara huzikata zote. Takeni ramani ya njia kutoka getini kwenu hadi kwenye jengo lao, na kebo ziingie kwa pande mbili za kiwanja. Nje ya nchi vivyo hivyo: njia nyingi hupita Malaba au Busia hadi Mombasa, na nyingine Mutukula kuelekea Dar es Salaam. Muwe na zote mbili. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa pamoja na Afrika Mashariki nzima ikahisi.

Hapa ndipo kuwa na seva nchini kunapolipa. SACCO ya Mbale inayoingia kwenye mfumo ulioko Kampala haihitaji bahari, mradi mtandao wenu na wa mteja unakutana kwenye UIXP, kituo cha kubadilishana trafiki kilichoanza mwaka 2001. Msipojiunga nacho, ujumbe wa Mbale kwenda Kampala unaweza kuzungukia Nairobi au Ulaya. Kujiunga ni kazi ndogo: namba ya mtandao wenu, ruta moja na kebo moja.

Sheria, na neno Tier

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na kanuni zake za 2021 zinawataka mjiandikishe kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari. Data binafsi inaweza kutoka nje ya nchi ikiwa huko kuna ulinzi wa kutosha au mhusika ameridhia. Kwa hiyo atakayewaambia sheria hii inawalazimisha kujenga, mwambieni aisome tena. Wateja wa fedha wana masharti yao ya Benki Kuu, na hospitali zina mikataba ya wafadhili. Yasomeni hayo kwanza, maana ndiyo yatakayoamua mteja gani anakubali kupangiwa raki wapi. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao wataulizia tangi la dizeli na kelele za jenereta.

Tier III maana yake kila kifaa kinaweza kutolewa kwa matengenezo bila kuzima seva hata moja. Asilimia 99.982 inayotajwa kwenye vipeperushi, ambayo ni kama saa 1.6 za kuzimika kwa mwaka, ni desturi ya soko zaidi kuliko sharti. Hati ya michoro ni kitu kimoja na hati ya jengo lililokamilika ni kingine. Mkienda kupanga raki, takeni kuona ya pili.

Dunia inaelekea wapi, na nyinyi mnahusikaje

Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kuwa vituo vya data vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, asilimia 1.5 hivi ya umeme wa dunia, na kwamba vinaweza kukaribia 945 ifikapo 2030. Kinachosukuma ni akili unde. Raki moja ya NVIDIA GB200 NVL72 hula takriban kilowati 120, robo tatu ya mpango wenu mzima wa raki 40, na haipozwi kwa feni peke yake. Maji huingia mpaka kwenye sahani iliyobandikwa juu ya chipu. Mitambo hiyo inafuata umeme: Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Imarati, walitangaza mradi wa dola bilioni 1 Kenya, kwa mvuke wa Olkaria. Uganda yenye maji ya Nile itasikia mazungumzo kama hayo, na bodi yenu itayasoma gazetini na kuuliza kwa nini nasi tusifanye. Hiyo ni biashara nyingine, ya megawati makumi na mteja mmoja mkubwa. Nyinyi mnahifadhi leja za akiba na mafaili ya wagonjwa; seva zenu zitabaki kwenye kilowati 3 hadi 8 kwa raki kwa miaka kadhaa.

Ila msijifungie mlango. Katika ukumbi mpya, acheni mabomba mawili ya maji yenye vali, yaliyozibwa, mwishoni mwa safu moja. Sakafu ya zege ya chini ibebe kilo 1,500 kwa raki. Na umeme upite juu ya raki kwa reli ya shaba inayochomekwa popote. Mabadiliko haya yakifanywa wakati wa kujenga ni nafuu. Baadaye ni kubomoa.

Mwenendo unaowafaa hasa ni ule wa kontena na moduli: UPS inayoongezwa kwa vipande vya kilowati 20, mashine za kupoza zinazokaa kati ya raki, ukumbi mzima uliounganishwa kiwandani. Unapunguza ile hasara ya mtambo usio na kazi. Udhaifu wake ni vipuri. Kadi moja ya UPS ikifa na ya badala iko Dubai, moduli haijawasaidia kitu. Andikeni kwenye mkataba vipuri gani vikae Kampala, kwenye stoo yenu, mvione.

Kwenye kuzima moto, gesi ya Novec 1230 iliyopendwa sana ilikuwa ya 3M, na kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuzalisha kemikali za kundi lake, PFAS, zisizooza kirahisi, ifikapo mwisho wa 2025. Watengenezaji wengine wapo, lakini kwa mtambo mpya ningetazama naitrojeni kwanza. Haipigwi marufuku na mtu. Gesi yoyote inahitaji chumba kisichovuja, kiishikilie dakika 10. Tundu moja la kebo lisilozibwa linatosha kuiharibu hesabu. Na mlio wa gesi ikitoka unaweza kuvunja diski: Septemba 2016 jaribio la namna hiyo lilizima kituo cha benki ya ING Bucharest. Agizeni midomo ya gesi yenye kupunguza sauti.

Watu, na siku ya kukabidhiwa

Wiki ina saa 168. Mtu mmoja zamu kwa zamu, ukihesabu likizo na ugonjwa, ni watu 5; wawili kwa zamu ni 10. Gharama hii husahaulika kwenye mipango mingi, na ndiyo sababu nyingine ya kupanga kwanza. Awe fundi wa umeme au wa mtandao, kila hatua ya kuhamisha mzigo iwe kwenye karatasi, isomwe na mmoja na kutekelezwa na mwingine. Kosa la kuzima kituo linaweza kutokea hata mtu mzoefu akifanya kazi aliyoizoea kwa kichwa.

Mkishajenga, msipokee funguo kabla ya majaribio kamili. Mkandarasi alete hita za kuigiza seva, kilowati 80 zote, ziwake saa 24 mpaka kuta zipate moto wake. Kisha mtu wenu, asiwe wa mkandarasi, aende kwenye ubao mkuu na kuzima umeme wa gridi bila kutangaza saa. Jenereta ya kwanza ikishika, izimeni nayo muone ya pili. Zimeni mashine moja ya kupoza na kupima joto mbele ya kila raki kwa dakika 30. Washeni gridi, muone mzigo unarudi bila taa kupepesa. Rudieni yote usiku. Sehemu ya mwisho ya malipo, walau asilimia 10, ibaki mfukoni mwenu mpaka orodha ya yaliyofeli iwe imerekebishwa na jaribio hilohilo limepita mara ya pili.